Rahisi ghali: igizo la bure la Central Park hulipiwa na nani?

Agosti 2025, Lupita Nyong'o na mdogo wake Junior walipanda jukwaa moja katikati ya bustani ya Central Park, New York, wakicheza mapacha waliopotezana baada ya merikebu yao kuvunjika. Tamthilia ilikuwa Twelfth Night ya Shakespeare: Lupita ndiye Viola, Junior ndiye Sebastian, na mwongozaji alikuwa Saheem Ali, Mkenya mwenzao anayejuana na Lupita tangu ujana wao Nairobi. Hapa na pale mapacha hao walikiweka kando Kiingereza cha miaka mia nne iliyopita wakaongea Kiswahili. Walioshiriki nao si watu wa kutafutwa kwa tochi: Sandra Oh alikuwa Olivia, Peter Dinklage alikuwa Malvolio, Jesse Tyler Ferguson alikuwa Sir Andrew. Igizo lilianza kuonyeshwa tarehe 7 Agosti likafungwa tarehe 14 Septemba, na katika wiki zote hizo mlangoni hapakuuzwa tiketi hata moja.

Ukimsimulia mtu wa kwetu habari hii, haulizi Viola alivaa nini wala Kiswahili kilitamkwaje. Anauliza: sasa nani analipa? Ni swali zuri kuliko mengi yanayoandikwa na wahakiki. Waigizaji wa kiwango hicho, taa, maleba, muziki, mafundi, walinzi, ukumbi wenye viti takriban 1,800, halafu kiingilio bure. Aliyelelewa na msemo wa "rahisi ghali" lazima ashtuke. Na kweli, ukianza kuifuata hiyo bure inakotoka, ndipo unaelewa pia kwa nini msimu wa maigizo ya kiangazi bustanini humo una umbo la ajabu kidogo: maigizo machache, wiki chache, karibu kila mwaka Shakespeare, na nyota wa filamu wanaojitokeza mara moja kisha wanatoweka.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tukisema kiangazi tunaona vumbi, ng'ombe waliokonda na mabomba yaliyokauka. Mtu wa pwani, yeye anahesabu kaskazi na kusi. Kiangazi cha New York ni kitu kingine kabisa: ni Juni hadi Agosti, joto la kunata ambalo mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa angelitambua mara moja, mchana mrefu ambao mwishoni mwa Juni jua linazama saa mbili na nusu usiku, na mvua za radi zinazotokea ghafla jioni. Joto hilo ndilo lililozaa maigizo ya kiangazi Marekani. Kabla ya viyoyozi kuenea, kumbi za jijini zilikuwa tanuri. Kiangazi kikiingia zilifungwa, waigizaji wakabaki hawana kazi, na matajiri waliokuwa wakijaza viti wakahamia vijijini na ufukweni. Waigizaji wakawafuata hukohuko.

Ndivyo yalivyoanza makundi kama la Lakewood kule Maine, mwaka 1901, na Cape Playhouse kule Massachusetts, mwaka 1927, ambako Bette Davis alianza kwa kuwaonyesha watu viti vyao kabla hajawahi kuonekana jukwaani hapo. Utaratibu wao ulikuwa wa kukatisha pumzi. Kundi lilelile linakaa pamoja kiangazi kizima na kubadilisha igizo kila wiki. Mchana wanafanya mazoezi ya igizo la wiki ijayo, usiku wanacheza la wiki hii, kichwani wamebeba maneno ya wahusika wawili na wanamwomba Mungu yasichanganyike. Wiki hii wewe ni daktari, wiki ijayo wewe ni mwizi, na sofa ni ileile imebadilishwa kitambaa tu.

Mwendo huo haujafa. Kule St. Louis, Missouri, kuna ukumbi wa wazi unaoitwa The Muny wenye viti takriban 11,000. Kila kiangazi unaonyesha maigizo ya muziki saba hivi, kila moja kwa takriban wiki moja, na viti kama 1,500 vya nyuma kabisa hutolewa bure kila usiku kwa atakayewahi. Hesabu yao inaeleweka kirahisi: wa mbele wanamlipia wa nyuma.

Ukumbi wa Central Park unaitwa Delacorte, na wenyewe umekataa hesabu zote mbili. Haubadilishi igizo kila wiki, na hauwauzii wa mbele ili wa nyuma waingie. Kuelewa kwa nini, lazima umjue mtu mmoja mkaidi.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1921 akiitwa Yosl Papirofsky, mtoto wa wahamiaji Wayahudi maskini. Dunia ikamjua kwa jina la Joseph Papp. Shakespeare hakumpata kwenye kumbi za mazulia mekundu, maana nauli na kiingilio hakuwa navyo. Alimpata kwenye maktaba ya umma, ambako kitabu kinaazimwa bila mtu kukuuliza baba yako anafanya kazi gani. Kutokana na hapo akajenga hoja ambayo hakuiachia hadi alipofariki mwaka 1991: kama jiji linaweza kumpa kila mkazi vitabu bure, linashindwaje kumpa maigizo bure? Naomba msomaji aishike hoja hiyo ya maktaba. Papp hakuwa anaomba sadaka kwa ajili ya maskini. Alikuwa anadai huduma ya umma, kama maji na barabara, ambayo tajiri naye anaitumia bila aibu.

Alianza mwaka 1954 kwenye jumba la kanisa, upande wa mashariki wa Manhattan, penye wahamiaji wengi. Mwaka 1956 akahamia jukwaa la wazi kando ya mto East. Mwaka 1957 akafunga jukwaa juu ya trela, akaanza kuzunguka nalo kwenye vitongoji vya jiji, na inasimuliwa kwamba trela hilo liliharibika ndani ya Central Park, karibu na bwawa, na ndiyo sababu maigizo yakabaki hapo. Huenda hadithi imetiwa chumvi. Papp alikuwa mtu wa tamthilia.

Hapo akagongana na Robert Moses, kamishna wa bustani za jiji, mtu aliyejenga barabara kuu na madaraja mengi ya New York kuliko meya yeyote na ambaye hakuzoea kuambiwa hapana. Mwaka 1959 Moses alimtaka Papp atoze kiingilio, na sehemu ya fedha hizo iende bustanini. Sababu? Majani. Watazamaji wanakanyaga nyasi, nyasi zinakufa, udongo unamomonyoka, lazima mtu alipe. Papp akakataa. Ofisi ya bustani ikasambaza barua isiyo na jina iliyokumbusha watu kwamba Papp aliwahi kuhusishwa na ukomunisti, na kwamba mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ameitwa mbele ya kamati ya Bunge ya kuwasaka wakomunisti, akakataa kutaja majina ya wenzake. Kwa Marekani ya miaka ile, huo ulikuwa mshale wenye sumu.

Papp akaenda mahakamani. Mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kamishna hawezi kumlazimisha mtu atoze kiingilio kwa sababu tu yeye kamishna anaona hivyo ni vizuri. Tangu siku hiyo bure ya Central Park ikawa na nguvu ya kisheria nyuma yake. Na sasa sikia jambo linalonichekesha kila nikilisoma: Moses, alipoona ameshindwa, ndiye aliyegeuka akaomba fedha za jiji kujenga ukumbi wa kudumu. Mchapishaji wa vitabu George T. Delacorte akaongeza dola 150,000, jina lake likapachikwa mlangoni, na mwezi Juni 1962 ukumbi ukafunguliwa kwa The Merchant of Venice. Msomaji wa Kiswahili anaijua tamthilia hiyo: miaka saba baadaye, 1969, Mwalimu Nyerere aliichapisha kwa jina la Mabepari wa Venisi.

Fedha zinatoka wapi

Delacorte ni mali ya jiji. Wanaouendesha ni shirika lisilo la faida ambalo Papp alilianzisha, linalojulikana leo kama The Public Theater, lenye makao yake katika jengo la iliyokuwa maktaba ya Astor, mtaa wa Lafayette. Maktaba tena. Mfanyabiashara wa majengo alitaka kulibomoa, Papp akalifanya nyumba.

Kwa hiyo bure ya usiku mmoja ina walipaji kadhaa waliosimama nyuma ya pazia. Wa kwanza ni mkazi wa jiji mwenyewe kupitia kodi. Wa pili ni wafadhili: matajiri, mashirika ya hisani na kampuni. Wa tatu, na huyu ndiye watu wengi hawamjui, ni mtazamaji aliyelipa kwingine. Shirika hilohilo lilizalisha A Chorus Line mwaka 1975, igizo la muziki lililohamia Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za biashara za jiji hilo, na kukaa huko miaka 15, maonyesho 6,137. Kila aliyenunua tiketi Broadway alikuwa, bila kujua, anamlipia mtu mwingine kiti cha bustanini. Kabla yake kulikuwa na Hair, igizo jingine la muziki, mwaka 1967. Katika enzi yetu ni Hamilton, iliyoanzia kwenye kumbi hizo za mtaa wa Lafayette mwaka 2015 kabla ya kuvuka kwenda Broadway, na sehemu ya mapato yake inarudi nyumbani. Mkulima angekielewa: shamba la biashara linalilisha shamba la chakula. Tatizo ni kwamba huwezi kupanga lini utapata A Chorus Line nyingine. Baada ya janga la Uviko-19, watazamaji wakapungua na gharama zikapanda, na mwaka 2023 shirika hilo lilipunguza takriban asilimia 19 ya wafanyakazi wake.

Mfadhili naye ana masharti, hata kama hayakuandikwa popote. Mwaka 2017 Delacorte ilionyesha Julius Caesar, na Kaizari huyo alivalishwa suti, tai ndefu na nywele za kumfanya afanane na Donald Trump, ambaye wakati huo alikuwa na miezi michache tu tangu awe rais. Kaizari anachomwa visu Bungeni. Ndivyo Shakespeare alivyoandika. Kelele zikapigwa, shirika la ndege la Delta likaondoa ufadhili wake, na Bank of America ikajitoa kwenye igizo hilo. Waliokuwa wakipiga kelele wengi hawakuona kwamba tamthilia yenyewe inawalaani wauaji: baada ya Kaizari kufa hakuna anayepata alichokitaka. Sisi tuliosoma tafsiri ya Nyerere ya tamthilia hiyohiyo tunalijua hilo tangu shule. Lakini somo la kifedha lilibaki: mlangoni ni bure, ila kuna watu wanaoweza kuifunga bomba.

Na kuna walipaji wa nne, ambao naona ni haki kuwataja ingawa tangazo haliwataji. Ni waigizaji wenyewe. Wanalipwa, ndiyo, kwa mikataba ya chama chao cha wafanyakazi, lakini malipo ya jukwaani katika shirika lisilo la faida yako mbali sana na ya filamu. Nyota anayekuja bustanini kwa wiki sita anaacha fedha mahali fulani.

Kwa nini Shakespeare, kwa nini nyota

Watu hudhani Shakespeare anachaguliwa kwa sababu ya heshima. Heshima ipo. Lakini kuna sababu ya kawaida zaidi: amekufa mwaka 1616 na hana warithi wa kudai haki miliki. Tamthilia zake zina wahusika wengi, kwa hiyo vijana wengi wa chuo cha uigizaji wanapata kazi ya kubeba mkuki. Na ziliandikwa kwa ajili ya jukwaa la wazi, chini ya mwanga wa jua, mbele ya watu wanaokula na kuongea. Mhusika anasema "usiku umeingia" kwa sababu hapakuwa na taa ya kuzima. Ukizipeleka bustanini, zimerudi kwao.

Idadi ya maigizo nayo ni suala la hesabu. Msimu wa kwanza, 1962, ulikuwa na matatu. Baadaye ikawa kawaida mawili, kila moja wiki kadhaa. Mwaka 2025 likawa moja tu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umetoka kufanyiwa ukarabati wa dola milioni 85 na ulifunguliwa kiangazi kikiwa kimeshafika katikati. Kujenga jukwaa, kufunga taa, kutengeneza maleba, yote hayo ni gharama ya kuanza. Inalipwa mara moja, iwe utacheza siku 5 au 35. Kundi la zamani la ufukweni lilimudu igizo kila wiki kwa sababu lilitumia sofa ileile. Delacorte, pale 2025, ilisimamisha jukwaani herufi kubwa kupita mtu zikiandika jina la pili la tamthilia hiyo, What You Will. Huwezi kubadilisha kitu kama hicho kila Jumatatu.

Kuhusu nyota, jibu la haraka ni kwamba wanavuta wafadhili na vyombo vya habari. Jibu hilo ni kweli lakini ni pungufu, maana linasahau wale ambao ukumbi wenyewe uliwakuza. Mfano ninaoupenda ni James Earl Jones. Usiku ule wa ufunguzi wa 1962 alicheza Mwanamfalme wa Moroko, yule mposaji Mwafrika anayefungua kasha la dhahabu na kuambulia fuvu. Ni nafasi ndogo, ukitokea mara mbili umemaliza. Kiangazi hichohicho akawa Caliban, yule mtumwa wa kisiwani katika The Tempest. Mwaka 1964 akapewa Othello. Mwaka 1973 akawa Mfalme Lear, mtu mweusi akicheza mfalme wa Uingereza katika nchi ambayo miaka tisa tu nyuma ilikuwa bado inapitisha sheria ya kukomesha ubaguzi katika hoteli na kumbi. Watoto wetu wanaijua sauti yake bila kujua jina: ndiye Mufasa wa The Lion King. Sauti ile ilinolewa nje, usiku, ikishindana na ndege za angani.

Meryl Streep naye alicheza The Taming of the Shrew hapo mwaka 1978, hajawa yule tunayemjua, kisha akarudi 2001 na 2006 akiwa ameshakuwa nyota mkubwa. Denzel Washington alikuwa Richard III mwaka 1990. Mwaka 2022 nafasi hiyohiyo ilichezwa na Danai Gurira, mwanamke mwenye asili ya Zimbabwe. Anayetaka kuelewa kwa nini mtu wa filamu anakubali malipo madogo, atazame orodha hiyo: ni wiki chache tu, hazimharibii ratiba ya mwaka, mbele yake wapo watu ambao wengine hawajawahi kukanyaga ukumbi wa maigizo, na jina lake linawekwa karibu na la Jones.

Bei ya foleni

Sasa turudi kwa mtazamaji, ambaye tulisema halipi. Analipa. Analipa kwa saa.

Utaratibu wa kale ni huu. Tiketi za usiku wa leo hutolewa leo saa sita mchana, tiketi mbili kwa kila mtu. Bustani hufungwa saa saba usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo igizo likiwa na jina kubwa, watu hujipanga nje ya lango la Central Park West na mtaa wa 81 gizani, na lango likifunguliwa foleni nzima inahamishwa ndani kwa mpangilio, kila mtu na blanketi lake, kiti cha kukunja, chupa ya kahawa na kitabu. Wanakaa hapo kwa muda wa saa sita. Wengine wanapika urafiki, wengine wanalala. Kuna wanaosema foleni ni nusu ya igizo, lakini nimegundua kwamba wanaosema hivyo ni wale walioambulia tiketi.

Hapo ndipo hoja ya maktaba inapopata ufa. Saa sita za siku ya kazi si bei sawa kwa kila mtu. Kwa mwanafunzi aliye likizo ni pikniki. Kwa mama anayefanya usafi hotelini zamu mbili, ni mshahara wa siku. Mwenye fedha aliweza kumlipa mtu mwingine amsimamie foleni, na biashara hiyo ilishamiri kiasi kwamba mwaka 2010, wakati Al Pacino alipocheza Shylock, yule mkopeshaji wa The Merchant of Venice, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliingilia kati kuikomesha. Tena kuna mlango mwingine ulio halali kabisa: anayechangia shirika mamia ya dola hutengewa kiti. Wenyewe wanasema hiyo si tiketi iliyouzwa, ni mchango ulioshukuriwa. Mswahili atakuwa na jina lake la shukrani ya namna hiyo, lakini bila michango hiyo viti vingine visingekuwepo, kwa hiyo sitajifanya mtakatifu.

Kuziba ufa huo, shirika limeongeza njia. Kuna bahati nasibu ya simu: unajiandikisha asubuhi, mchana unaambiwa umepata au umekosa. Kuna tiketi zinazopelekwa kwenye vitongoji vyote vitano vya jiji, Bronx, Queens, Brooklyn, Staten Island na Manhattan yenyewe, ili mtu asilazimike kusafiri mara mbili. Ile fikra ya trela pia haikufa; lipo kundi dogo linalozunguka na Shakespeare kwenye magereza, makazi ya wasio na makao na vituo vya jamii, likiwa na vifaa vinavyotosha ndani ya gari. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la kweli kwa swali la maktaba, ingawa halipigwi picha sana.

Usiku wenyewe

Tuseme umepata. Saa mbili usiku umeketi kwenye nusu duara ya viti, mbele yako jukwaa, nyuma ya jukwaa bwawa la kasa, na juu ya mwamba kingo za kasri la Belvedere. Sehemu ya mandhari ya kila igizo imeshajengwa na jiji, haigharimu kitu.

Mwanga ndio fumbo kubwa la mafundi. Mwishoni mwa Juni jua bado halijazama igizo linapoanza, hivyo sehemu za kwanza zinachezwa mchana mweupe na taa hazifanyi lolote. Katikati ya Septemba giza limeshaingia kabla ya neno la kwanza. Igizo lilelile linaweza kuwa na sura mbili kati ya wiki yake ya kwanza na ya mwisho. Na kwa kuwa taa hazionekani juani, mazoezi ya taa hufanywa usiku, mafundi wakirudi nyumbani wakati wauza magazeti wanaamka.

Mvua haizuii igizo mapema. Kanuni ni kwamba hakuna kufuta kabla ya saa mbili usiku. Watu wanakaa na makoti ya plastiki, mawingu yanatazamwa. Manyunyu wanacheza. Ikizidi, waigizaji wanaondoka, vijana wanatoka na mafagio ya kukausha jukwaa, kisha wanaendelea pale walipoachia. Radi ikipiga, kila mtu anaondoka. Helikopta inapita katikati ya kifo cha mfalme. Halafu kuna rakuni, wanyama wa ukubwa wa paka mnene wenye barakoa nyeusi usoni, ambao wanaishi humo bustanini na hawatambui onyesho la kwanza wala la tano. Wamekuwa wakikatiza jukwaani miaka yote. Ukarabati ulileta viti bora, njia za watu wenye ulemavu na kuta za nje zilizopambwa kwa mbao nyekundu kutoka kwenye matangi ya maji ya zamani yaliyokuwa juu ya maghorofa ya jiji. Rakuni hawakuombwa ushauri.

Na Kiswahili? Hakikuwa mapambo. Twelfth Night ni hadithi ya mtu aliyetupwa na bahari kwenye nchi ngeni, ambaye lazima ajifiche ili aishi: Viola anavaa nguo za kiume na kujifunza kuongea kama wenyeji. Ukimfanya mhamiaji kutoka Afrika Mashariki, lugha yake ya nyumbani inakuwa ni kitu anachokificha pamoja na jina lake, na ndugu yake anapotokea hai, ndiyo lugha ya kumtambulia. Saheem Ali alikuwa amewahi kupita njia ya jirani na hiyo. Mwaka 2021, kiangazi cha kwanza baada ya ukumbi kufungwa kwa sababu ya janga, aliongoza Merry Wives hapohapo Delacorte, tamthilia ya Shakespeare iliyoandikwa upya na Jocelyn Bioh na kuhamishiwa kwa wahamiaji wa Afrika Magharibi wanaoishi Harlem, penye saluni na vitambaa vya rangi kali. Sisi tulikuwa tumeshafika kwenye tamthilia hiyo miaka tisa kabla: mwaka 2012, kwenye ukumbi wa Globe jijini London, waigizaji wa Kenya na Tanzania waliicheza kwa Kiswahili ikiitwa Wanawake wa Heri wa Winsa, na aliyemcheza Falstaff, yule mzee mnene mpenda wake za watu, alikuwa Mrisho Mpoto.

Kwa hiyo anayeishi New York, au anayepita huko kiangazi, ajaribu bahati nasibu ya simu kwanza. Akikosa, aende lango la mtaa wa 81 kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na blanketi, maji, na sweta la usiku hata kama mchana ulikuwa wa jasho. Asije akaweka begi chini akisema "namshikia shemeji, anakuja". Wasimamizi wa foleni hiyo hawana mzaha, na shemeji atatumwa mwisho kabisa.